Huu ni wa…

Tak! Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda cha fundi mmoja pale Buseresere, anayehamishia kanda za zamani kwenye flashi, niliposikia mlio huo nyuma ya pazia. Ulikuwa mlio wa kidole changu mwenyewe kwenye kitufe cha kurekodi, nikiwa na miaka tisa.

Asubuhi ile, nyumbani kwetu karibu na Ushirombo, tulisubiri gari la kumpeleka babu hospitali, Kolandoto. Uvimbe ulikuwa umemkaba koo. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba huenda asirudi, ila Baba Mdogo alikuwa ametoka machimboni Geita na redio-kaseti na kanda moja, upande mmoja umejaa rumba. Akaniweka kwenye kitufe.

“Nyimbo tu,” alinionya. “Betri zinakufa. Mzee akianza maneno yake, zima. Maneno ya huyu hayaishi mpaka mavuno.”

Babu alisugua ulimbo kwenye upinde wa zeze, akaegemeza kibuyu kifuani. Chumba kikanuka ulimbo na dawa ya kuchua.

“Unalekodi, ng'wanone?” aliniuliza, yaani mwanangu.

“Narekodi, guku,” nilimjibu babu kwa Kisukuma chake, nikibana kicheko.

Akapiga. Uzi ule mmoja ulilia, nami sikuusikia vizuri, macho yangu yote yakiwa kwenye taa nyekundu iliyokuwa ikififia. Kila wimbo ulipoisha alikohoa, akaanza, “Huu ni wa…” Nami, tak! nikazima. Akaeleza ameutunga nani, ulipigwa kwenye palizi au msibani, uzi ulegezwe kiasi gani; sikushika hata jina moja. Aliposhika upinde tena, nikawasha. Nyimbo kumi na moja. Nilijiona shujaa wa betri.

Babu hakurudi. Nimezunguka na kanda hiyo mpaka Chato, nikiwasikilizisha wazee. Wanatikisa vichwa kwa utamu, kisha wanauliza, “Mwenyewe nani?” Mmoja akaniambia kwamba kwa wapiga zeze wa zamani, kupiga wimbo wa mwenzio bila kumtaja ni wizi. Babu hakuwahi kuiba hata hindi la jirani. Mimi ndiye niliyemfanya mwizi mara kumi na moja.

“Dada,” fundi aliita, “baada ya nyimbo kuna kelele huku. Nifute?”

“Usiguse!”

Sikuwahi kufika huko. Wimbo wa mwisho ukiisha, siku zote nilizima. Nikapita pazia, nikainama kwenye spika. Honi ya gari. Siku ile nilikuwa nimewasha tena kwa wimbo wa kumi na mbili, honi ikanishtua nikasahau kuzima. Kiti kikasukumwa, fimbo ikagonga sakafu, kisha ile sauti iliyokwaruza:

“Majina yote umeyashika, ng'wanone? Watu watakuuliza.”

Na katoto kakajibu upesi, kakiwaza betri:

“Yote, guku.”

“Haya. Basi naweza kwenda.”

Fimbo ikasogea taratibu. Bawaba zikalia, na mlango ukafungwa nyuma yake.