Moto wa Mwana wa Ukingo

Katika ukoo wa mzee Nasani wa Kyarumba, mrithi hakai nyumbani kwa baba yake. Tangu enzi za watawala wa milimani, mtoto atakayerithi kiti hupelekwa mpakani mwa Kongo, juu ya mto Lhubiriha, akajifunze kutawala mahali pagumu kwanza. Huitwa Mwana wa Ukingo. Zamani alikuwa na watu wa mikuki nyuma yake, na aliyetaka kuvuka mto alimpigia goti. Siku hizi serikali ina askari wake na forodha yake kule Mpondwe, na Mwana wa Ukingo amebaki na kigoda, kibanda cha nyasi, na moto usioruhusiwa kuzimika.

Zedekiah alikikalia kigoda hicho tangu ndevu zake zilipoanza kuota, na sasa zilikuwa zinaingia mvi. Kilima chake kilikuwa Nyakiyumbu. Asubuhi alilima maharagwe. Jioni aliamua kesi ndogondogo, mara mbuzi aliyevuka mto na kumaliza mihogo ya Wakongo, mara mfereji uliogeuzwa maji. Watu wa pande zote mbili walimpenda kwa kuwa alisikiliza sana. Ukweli ni kwamba hakuweza kusema. Mbele ya kundi la watu, ulimi ulimganda mdomoni.

Sheria ya ukingo aliijua vizuri. Baba akifa, moto wa nyumbani kwake huzimwa, na mrithi huja na makaa kutoka mpakani kuuwasha upya. Yeye ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Siku nyingine jirani yeyote huweza kumchungia moto, lakini siku ya msiba huo haondoki ukingoni mpaka mtoto wake wa damu akalie kigoda, na maiti haimngoji. Mwenye kiti huzikwa kabla jua la siku hiyo halijazama.

Zedekiah alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Immy.

Mwaka juzi Immy alisimama katikati ya kikao cha ukoo, kule Kyarumba, akasema yeye atakikalia kigoda siku itakapofika. Blasio, mdogo wake mzee Nasani, alicheka hadi akajipiga mapaja.

"Tangu lini ukingo ukavaa gomesi la wanawake?"

Wote wakaangua kicheko. Mzee Nasani peke yake hakucheka. Alimgeukia mwanawe.

"Zedekiah, mtoto ni wako. Wewe unasemaje?"

Zedekiah alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwepo, alilisikia kifuani. Akatazama vidole vya miguu yake mpaka kikao kikahamia mambo mengine. Immy alifunga kitambaa chake, akashuka mlima bila kuaga, na tangu hapo hakukanyaga Nyakiyumbu. Aliuza samaki wa kukaanga Kikorongo, pale mabasi yanaposimama.

Sasa simu ililia asubuhi, Zedekiah akiwa shambani. Ni Blasio.

"Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika alasiri. Umepata wa kumwacha hapo?"

"Nitaona, baba mdogo."

Aliketi kando ya moto na simu mkononi. Alilitafuta jina la Immy, akalipata, akaiweka simu chini. Angeanzaje? Miaka yote hiyo hakumwambia hata pole. Akaongeza kuni. Akaishika simu tena, akaiweka tena. Jua lilikuwa limeshapanda aliposikia mtu akihema kwenye njia ya mtoni. Alikuwa Hilaire, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Beni, ambaye hupumzika hapo kila akitoka kuvuka.

"Papa Immy, nasikia muzee amekufa, na weye iko hapa unaota moto?"

"Siwezi kuondoka bila mtu wa kukaa."

"Mimi si mutu? Enda uzike baba yako, nitachunga moto."

"Lazima awe damu yangu, Hilaire."

"Na yangu iko ya mbuzi?" Hilaire akacheka, kisha akaacha alipouona uso wa mwenzake. "Mutoto yako iko Kikorongo. Unamwogopa?"

Hilaire aliichukua simu, akaipiga, akambandikia sikioni.

"Immy," alisema Zedekiah. "Babu yako..."

"Najua. Nimesikia asubuhi kutoka Kyarumba." Nyuma yake basi lilipiga honi. "Nimekaa nimebeba mkoba, nangoja unipigie. Mbona umechelewa hivi?"

Alifika kwa bodaboda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, bado amefunga aproni yenye harufu ya samaki. Hakumtazama baba yake. Alikwenda moja kwa moja, akakaa kwenye kigoda, akasukuma kuni ndani.

"Nenda," alisema. "Jua linakuacha."

Zedekiah alisimama mbele yake na chungu cha makaa. Alitaka kusema jambo. Akasema tu, "Kuni kavu ziko nyuma ya kibanda."

Barabara ya kupanda Kyarumba ilikuwa imeharibiwa na mvua, na bodaboda ilimshusha chini ya mlima. Alipanda kwa miguu, chungu kichwani, akipishana na watu wanaoshuka. Walikuwa wamevaa nguo za msibani, na hakuna aliyemwambia harakisha. Ndipo alipojua.

Udongo ulikuwa umeshalundikwa kaburini na majani ya migomba yametandazwa juu. Blasio alikuwa anakung'uta jembe. Waombolezaji waliobaki waligeuka.

"Umemwacha nani ukingoni?" Blasio aliuliza.

"Immy," alisema Zedekiah, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Mwanangu Immy ndiye Mwana wa Ukingo."

Hakuna aliyecheka. Blasio alikung'uta jembe mara nyingine.

"Mzee alikuuliza hilo," alisema polepole. "Angefurahi."

"Najua, baba mdogo."

Aliinama jikoni kwa marehemu, akamimina makaa kwenye mafiga baridi, akapuliza mpaka yakashika. Moto ulipotulia alitoka nje, akampigia Immy.

"Nimewaambia," alisema.

"Mbele ya watu wote?"

"Wote waliokuwepo."

"Walicheka?"

"Hapana."

Zedekiah alisikia kuni zikialika huko mpakani.

"Basi hata siku ile wangeacha kucheka, Baba, kama ungesema," alisema Immy.