Siku Tuliyomfungulia Mavyaa Njia

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alifariki katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Queensbury, London, asubuhi ya baridi kali, theluji ikianguka nje kana kwamba haitakoma. Hatukuwa tumetimiza mwaka tangu tutoke Mombasa. Tulikuja na pasipoti zetu za Kiingereza kama Wahindi wengine wa Kenya waliokuja wakati ule, vibali vya kazi vilipokuwa shida, na tuliambiana kwamba ni kwa muda tu. Yeye ndiye aliyeamini hivyo kuliko sote. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Mombasa, na mumewe alizikwa huko huko. Barua ikifika kutoka nyumbani alitaka kwanza asomewe habari za mvua, ndipo asomewe za watu.

Mume wangu alizungumza naye Kihindi chetu, lakini mimi na yeye lugha yetu ilikuwa Kiswahili, hasa jikoni. Mume wangu akienda kazini tulibaki sisi wawili, na nyumba nzima ikawa Mombasa. Siku theluji ya kwanza ilipoanguka alisimama dirishani, shuka mabegani, akalitazama lori likipita polepole kule barabara kubwa, likirusha kitu cha rangi ya udongo nyuma yake.

"Wanamwaga nini wale?"

"Chumvi, Mama. Inayeyusha theluji, magari yasiteleze."

"Chumvi? Barabarani?" Akanigeukia. "Na chakula chao hakina chumvi hata chembe!"

Tulicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho hakikumtoka tena. Daktari alisema ni mapafu, akampa dawa, na sisi tukamwekea kitanda chini, karibu na moto. Siku moja nikimsuka nywele aliniambia, "Mkaza mwana, nikifa msinilaze kwenye barafu. Nilazeni kwa baba yenu." Nikamwambia hatakufa, tutarudi sote. Akanipigapiga mkono, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Alipokata roho daktari alikuja kwa miguu, akaandika cheti chake. Kesho yake wanawake wawili wa msikitini walifika wameshikana mikono wasianguke, tukamwosha, tukamvika sanda. Kumsafirisha Mombasa hatukuwa na uwezo; kilichobaki kilikuwa kumpeleka makaburini ya huku huku. Mume wangu akaenda kwa jirani yetu kupiga simu. Jirani huyo alikuwa Mpemba, karani wa reli, mtu aliyekimbia kwao baada ya mapinduzi na ambaye bado alipiga pasi shati lake kila asubuhi kama anayengojewa ofisini Wete.

Walirudi pamoja, nyuso zimewashuka.

"Gari la maiti haliwezi kuingia," mume wangu akasema. "Barabara kubwa imesafishwa. Huku vichochoroni hawaji. Wanasema labda baada ya Jumapili."

Niliangalia nje. Theluji ilifika magotini, kutoka mlango wetu hadi kona. Maiti yetu ilikuwa imelala sebuleni kwenye mkeka, imeelekezwa kibla.

Mume wangu alikuwa fundi wa chuma. Mombasa alikuwa na karakana yake Makupa, akiunda matrela ya malori na mageti, na sauti ya nyundo yake niliijua kutoka mwanzo wa mtaa. London alikuwa akipanga biskuti kwenye maboksi. Tangu tufike sikumsikia akipiga hata mluzi. Alisimama dirishani kitambo, mikono nyuma, kisha akatoka uani. Nikasikia misumari iking'olewa. Alirudi amebeba mlango wa banda la makaa, wa mbao nene uliopigwa bati.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Cha kusukumia theluji. Nataka vyuma virefu, viwili."

Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye kitanda cha mamake. Sote tuliona alichokiona. Yule Mpemba akainamisha kichwa.

"Yakhe, hicho ni kitanda cha mama," akasema taratibu.

"Hana haja nacho tena. Yeye mwenyewe angenipa."

Akakivua godoro, akafungua pau mbili za chuma za ubavuni. Niliyakunja mashuka. Bado yalinuka mafuta ya nazi aliyojipaka.

Gari tulilipata kwa Singasinga wa Nakuru aliyeuza mboga pale barabara kubwa. Alikuwa na gari dogo la mizigo, kuukuu, na siku hiyo halikuwa na pa kwenda. Alipoelezwa hakuuliza lingine. "Bwana fundi, chukua," alisema, "lakini nitaendesha mimi, klachi yake ina wazimu." Walilisukuma mpaka kona ya mtaa wetu, yeye na wateja wake.

Mume wangu akalala chali kwenye theluji chini ya lile gari. Alifunga pau za kitanda kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, kwa boliti na waya, akaukaza mlango mbele yake, ameulaza upande ili theluji isukumwe pembeni. Hakuwa na mashine ya kuchomelea, wala ya kutobolea tundu. Alikuwa na spana, nyundo, na koleo ya kukatia waya. Nilimpelekea chai akainywa hapo hapo chini, kichwa nje, ndevu zimejaa barafu. Akaniomba nimpe boliti, na sauti aliyoniombea nayo ilikuwa ile ya Makupa, ya mtu mwenye kazi yake mkononi. Moyo uliniuma. Nilitamani mamake aisikie.

Nyuma ya gari walipakia magunia ya viazi ili magurudumu yashike chini. Mimi nikamwaga majivu ya jikoni mbele ya matairi.

Mara ya kwanza theluji iliupanda mlango na kumwagika juu ya boneti. Mume wangu akapaza sauti, "Simama! Simama!" akaushusha, akauongezea mlalo. Mara ya pili gari lilinguruma, likateleza, likakamata. Theluji ikaanza kujikunja mbele ya ule mlango na kuangukia pembeni, kama greda likichonga barabara ya udongo baada ya masika. Nilikuwa mlangoni na shali kichwani. Machozi yalinitoka, kwa sababu kwa dakika ile sikuwa London. Nilikuwa msichana barabarani kwetu, nikinusa udongo uliogeuzwa.

Likikwama walilirudisha nyuma, wakapiga tena. Watu wakaanza kutoka majumbani na masepetu ya makaa. Bibi mmoja wa Kiingereza wa nyumba ya mkabala, ambaye tangu tuhamie hakuwahi kutujibu salamu, alitoka na buti za mumewe na ufagio mgumu, akafagia mbele ya mlango wetu mpaka sakafu ikaonekana. Alipomaliza alinitazama, akaniitikia kwa kichwa mara moja, akarudi kwake.

Adhuhuri barabara yetu ikafunguka kutoka kona hadi mlangoni petu. Wakashusha viazi, wakaosha gari ndani, nikatandika mikeka. Mavyaa akapakiwa kwenye lile gari la mboga, mwanawe amekaa kando yake. Wanawake hatukwenda makaburini. Nilisimama katikati ya barabara waliyoifungua, nikalitazama gari mpaka likakata kona, mlango wa banda la makaa bado umefungwa mbele.

Yaliyobaki alinisimulia mume wangu jioni. Kufika makaburini walikuta njia ya ndani imezibwa na theluji. Nje ya geti palikuwa na lori la manispaa, moja la yale makubwa yenye bamba la chuma mbele na chumvi nyuma, na dereva wake Mwingereza akila mkate wake. Aliukazia macho ule mlango.

"Hicho mmekitengeneza wenyewe?" akauliza.

"Mimi," mume wangu akajibu. "Ndani ni mama yangu."

Yule dereva akavua kofia. Akaufunga mkate wake kwenye karatasi, akapanda lori, akasema, "Nifuateni." Akashusha bamba pole pole, wala halikugonga chini, akawafungulia njia mpaka karibu na kaburi. Kisha akazima mota na kusimama mbali, kofia mkononi, mpaka walipomaliza kumzika.

"Udongo ulikuwa na barafu?" nikamuuliza mume wangu.

"Juu tu," akasema. "Chini ulikuwa mweusi na laini. Niliushika." Kisha akafunika uso kwa mikono ile iliyochubuka, akalia kama sijawahi kumwona akilia, akimwita mamake kwa Kiswahili, lugha ambayo hawakuwa wakizungumza.

Majira hayo hayo, kabla baridi haijaisha, alikwenda kwenye yadi ya manispaa kumshukuru yule dereva, na akauliza kama wanahitaji fundi. Wakamchukua. Alikaa huko miaka mingi, akiunga mabamba na kubadilisha vyuma vilivyoliwa na chumvi. Alianza tena kupiga mluzi. Mombasa hatukurudi ila kutembea, na watoto tuliowazaa hapa nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza.

Theluji ya mwaka ule wa msiba ilipoyeyuka nilikwenda kaburini peke yangu. Nilikaa juu ya majani mabichi, nikaanza kumwambia habari zilizoletwa na barua ya mwisho. Kwamba mvua za huko zimenyesha vizuri. Kwamba mpwa wake amepata mtoto wa kike. Kwamba miembe imezaa mpaka matawi yameegemezwa miti. Nilisema kwa sauti, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwa Kiswahili kile chetu cha jikoni. Mfanyakazi wa makaburi alikuwa akikata majani kwa trekta mstari wa pili. Aliponiona alizima mashine, akakaa juu yake akitazama kwingine. Nami nikaendelea, sikuwa nimefika mwisho wa barua.