Pikapu Iliyopitishwa Ukumbini

Siku ya kwanza kazini sikupewa nyundo. Nilifika gereji moja ya mtaa wa Gerezani saa moja kasoro asubuhi, nimevaa shati la kuazima, nikidhani nitafundishwa kugonga bati. Mwenye gereji alikuwa Mhindi mnene mwenye miwani, mzaliwa wa Upanga. Sisi wafanyakazi tulimwita Tajiri. Akanipeleka kwenye mlango wa gari uliolazwa juu ya meza, akaniambia nifumbe macho.

"Pitisha kiganja," akasema. "Polepole. Pamebonyea wapi?"

Nikamwambia sioni kitu.

"Sikukuuliza unaona nini. Nimekuuliza pamebonyea wapi."

Nilipapasa mlango ule mpaka adhana ya adhuhuri. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi bodi, kazi ya kunyoosha bati la gari lililogongwa au kuliwa na kutu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Enzi zile bati lilirudishwa kwa mkono. Unashika kipande kizito cha chuma upande wa ndani, unagonga kwa nyundo upande wa nje, kidogo kidogo, mpaka bati likumbuke lilivyokuwa. Puti, ule uji mzito unaoganda kama jiwe, ilikuwa ya kuziba mikwaruzo tu. Ukiipaka nene, Tajiri alikuja nyuma yako akasimama. "Unamtengenezea mteja gari," aliuliza, "au unamwokea keki?" Kisha alikwangua yote kwa mkono wake, nawe unaanza upya huku wenzako wanatazama. Nilikaa naye miaka minane. Sikumbuki hata siku moja aliyonisifu, lakini magari ya madaktari alinipa mimi.

Kutoka hapo niliajiriwa karakana ya serikali kwa cheo cha fundi mchundo. Huko kila gari lina kadi yake, na kila kazi inaandikwa na kutiwa saini. Msimamizi wa Karakana alikuwa mstaafu wa jeshi, mtu asiyepaza sauti. Niliwahi kumlalamikia kwamba tunatengeneza magari yale yale kila mwaka kwa sababu madereva hawayatunzi.

"Wewe umeajiriwa kutengeneza madereva?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi rudi kwenye bati."

Nilirudi kwenye bati, nikakaa miaka ishirini na sita. Katika magari hayo ilikuwapo pikapu moja ya wapima ardhi, ya umbo la zamani, taa za duara na boneti ndefu. Niliinyoosha mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa imepinduka na kulala kwenye mtaro siku mbili. Nilipostaafu, ilikuwa imetupwa nyuma ya karakana pamoja na vyuma chakavu, injini imeshang'olewa. Nikaichukua. Maisha yangu yote nilikuwa nimetengeneza magari ya watu na sikuwahi kuwa na langu.

Tuliisukuma watu wanane mpaka Kariakoo, kwenye nyumba aliyoachiwa mke wangu na baba yake. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma. Pikapu ilipita kwenye uchochoro wa pembeni, vioo vyake vikikwaruza ukuta, tukaiegesha uani chini ya turubai. Nilimwambia mke wangu, Tatu, kwamba nitaanza kuishughulikia mwezi ujao.

Mwezi ujao ulichukua miaka. Mafao ya kustaafu hayakutosha kukaa bure, hivyo nikaenda kufanya kazi kwenye gereji ya Buguruni. Bosi pale alikuwa rika la binti yangu wa mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Nikianza kugonga bati, ananiletea kopo la puti. "Mzee wangu," alikuwa akisema, "mteja anataka gari Ijumaa. Hataki lidumu milele." Kifua ndicho kilichoniondoa pale. Zamani hatukuvaa vifaa vya kujikinga tunapopuliza rangi. Tulijifunga kitambaa puani, na kitambaa chenyewe mara nyingi kilikuwa kipande cha kanga ya mke. Vumbi la miaka arobaini lilikuja kudai nafasi yake. Nikapanda ngazi siku moja kwenda kuchukua msasa, nikakaa katikati ya ngazi, sikuweza kushuka wala kupanda. Jioni ile niliaga.

Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mitatu mke wangu alipoanguka bafuni. Kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto vikafa, ulimi ukapona. Daktari akasema apelekwe kwenye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, hospitali kubwa kule Upanga. Kutoka kwetu si mbali. Ila Tatu ni mwanamke mwenye mwili, na bajaji ina mlango mwembamba na sakafu ya juu. Kila safari walihitajika wanaume wawili kumwinua.

Wiki ya tano aliwaponyoka. Alianguka kwenye lami mbele ya maduka ya vitambaa, kanga ikamvuka, watu wakasimama. Mwuza duka mmoja, mama wa Kiarabu, alitoka mbio na doti nzima akamfunika, akawafukuza waliokuwa wanatazama. Tatu hakulia pale. Alilia nyumbani, ameelekea ukutani.

"Siendi tena," akasema.

"Daktari amesema ukiacha, mguu..."

"Mguu ni wangu. Siendi."

Nilitoka nikaenda uani. Nikakaa juu ya ndoo. Mbele yangu kulikuwa na turubai. Nikalivua.

Nawaeleza mafundi vijana kazi yenyewe ilivyokwenda, maana wengi hufikiri kufufua gari la zamani ni rangi na matairi mapana. Nilianza na chesesi, yaani ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba kila kitu. Unaigonga kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma huku unasikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Palinyamaza sehemu mbili. Nikamwita Fundi Joakimu, mchomeleaji niliyefanya naye kazi karakana ya serikali, naye mstaafu, goti moja bovu. Alikata palipooza, akaunga chuma kipya. Injini tulipata ndogo ya dizeli, Gerezani, imetoka kwenye gari la Kijapani. Ilikuwa fupi kuliko ya mwanzo, ikabidi tuitengenezee vishikizo vipya.

Kiti ndicho kilichoniumiza kichwa. Nilitaka kiti kitakachomfuata Tatu nje, kimchukue, kisha kirudi naye ndani. Jibu nililipata kwa kinyozi wa mtaani kwetu aliyekuwa anatupa kiti chake kibovu. Chini yake palikuwa na sahani ya chuma yenye gololi, ile inayokizungusha. Nikaifunga sahani hiyo juu ya reli mbili za kiti cha basi. Ukivuta komeo, kiti kinageuka kuelekea mlangoni, halafu kinateleza nje hadi ukingoni. Mlango wa abiria nikauhamishia bawaba nyuma ili ufunguke wazi kabisa, nikauwekea kitasa cha pili usije ukafunguka njiani. Sakafu upande ule niliikata, nikaishusha kadiri chesesi ilivyoruhusu.

Kazi ambayo zamani ningeimaliza kwa miezi mitatu ilinichukua mwaka na nusu. Ninagonga robo saa, ninapumzika nusu saa. Tatu alikuwa akikaa kwenye kiti chake mlango wa uani akinitazama. Rangi alichagua yeye: nyeupe ya maziwa, na mstari wa kijani. Nilipuliza mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, safari hii nimevaa kinyago, nikasugua kwa msasa wa maji kila mkono ulipokauka.

Siku ya kwenda kununua betri nilichelewa, nikala chakula cha mchana huko huko. Niliporudi, uchochoro haukuwapo. Nyumba ya jirani ilikuwa imebomolewa tangu mwezi uliopita kupisha ghorofa, hilo nililijua. Nilichokuta siku hiyo ni uzio wa mabati umesimama hadi kwenye ukuta wetu, na ndani yake mashimo ya nguzo yamechimbwa palepale ilipokuwa njia.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njia yangu iko wapi?"

Akanionyesha ramani. Uchochoro ule tangu zamani ulikuwa ndani ya kiwanja cha jirani. Tulipita kwa ujirani tu, na jirani alikuwa ameuza. Nikamwambia nina gari uani. Akapanda juu ya tofali, akachungulia, akashuka taratibu.

"Mzee, pole sana," akasema. "Zege linamwagwa Jumatatu. Ningekuwa na uwezo..."

"Najua."

Niliingia ndani nikamweleza Tatu. Nilimwambia gari limekwisha kuwa banda la kuku. Nilikuwa nimechoka uchovu usiokuwa wa mwili tu. Nilitaka aniambie niache, ningeacha kwa moyo mweupe.

Alifikiri kidogo. "Nani alilijenga?"

"Ni mimi na Joakimu."

"Basi mnajua lilivyoungana. Likate."

"Tatu, nimeshapaka rangi."

"Nimeiona. Nzuri. Likate."

Joakimu alikuja kesho yake na futi yake. Tulipima ukumbi wa nyumba toka mlango wa uani hadi mlango wa barazani. Chesesi ingepita ikilazwa ubavu, tukitoa ekseli na tukiing'oa milango yote miwili ya nyumba pamoja na fremu zake. Kasha la nyuma lingepita, maana lilishikwa kwa bolti na mbao zake zinatoka moja moja. Injini ingepita. Kabini haikupita. Ilizidi upana wa ukumbi kwa karibu futi mbili.

Nikachora mstari wa chaki katikati ya paa, ukashuka kwenye dashibodi hadi sakafuni. Joakimu alinyoosha mkono achukue grenda, ile mashine ya kukatia chuma. Nikamwambia hapana, hili nitakata mwenyewe. Nilipoigusisha kwenye paa, rangi iliungua ikatoa harufu, cheche zikaruka, na ule weupe niliousugua kwa miezi ukageuka kahawia pande zote za mstari. Nilikata nikipumzika, nikipumzika nikikata. Nusu mbili zilipoachana, zilitoa sauti ndogo, kisha zikalala kila moja upande wake. Joakimu alitazama pembeni. Nadhani alikuwa ananistahi.

Wabeba mizigo wa sokoni waliitoa Jumapili. Wapangaji wetu walihamisha majiko na ndoo zao ukumbini, wakasimama kwenye milango ya vyumba wakielekeza: kulia, shusha, ngoja hapo! Chesesi ilichubua chokaa ukuta mzima. Tatu aliomba kiti chake kisogezwe barazani, akawa anahesabu vipande vinavyopakiwa kwenye mikokoteni. Vilikuwa kumi na tisa. Mikokoteni minne ikaondoka kwa msafara kuelekea Buguruni, watu wakiuliza hicho ni nini, na mimi nyuma nikitembea polepole kulinda taa.

Yule bosi wangu wa Buguruni alitupa kona ya gereji yake, bila masharti. Miezi minne tukaiunganisha upya. Ule mshono wa paa Joakimu aliuchomelea vizuri, lakini kuunyoosha usionekane kulihitaji mikono niliyokuwa nayo zamani. Nilijaribu wiki mbili. Mabega yakagoma. Mwisho nikachukua kopo la puti mwenyewe, nikaipaka nene, nikasugua. Bosi alipita akaona, akaenda zake. Hata hivyo mshono unaonekana mpaka leo jua likiwa la pembeni.

Mnaoanza kazi hii mtaniuliza kama inafaa. Nimeipa kazi hii kifua, na masikio, na Jumamosi nyingi ambazo watoto wangu walikua bila mimi. Pensheni inajulikana. Majina yetu hayaandikwi popote. Gari likitoka gereji, mteja anasifu gari. Sitawadanganya kwamba nilipokuwa kazini nilijisikia mtu mkubwa. Mara nyingi nilijisikia njaa na usingizi. Lakini ningeulizwa nichague tena, sidhani kama ningejua kuchagua kitu kingine, na hilo nalo linanichosha nikilifikiri.

Tulikwenda kliniki Jumanne. Niliegesha pikapu ubavuni mwa baraza, nikakitelezesha kiti chake nje hadi barazani, Tatu akajisogeza mwenyewe kwa mkono mmoja, akakaa, nikakisukuma kikateleza ndani na kujifunga. Hakuna mtu aliyemwinua. Tulipofika Upanga kilimtoa vilevile, mbele ya watu, kanga yake imetulia mahali pake. Mazoezi yalichukua saa nzima. Nilipomrudisha garini nilikaa nyuma ya usukani, nikashika ufunguo, na mkono ukakataa kuugeuza. Sikuwa naumwa. Niliishiwa tu.

Mlinzi, dada mmoja mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi, akaja dirishani upande wa Tatu. "Shikamooni. Mama, hapa ni pa kushusha wagonjwa, haparuhusiwi kuegesha."

"Marahaba, mwanangu," Tatu akamjibu. "Huyu amechukua miaka miwili kunileta hapa. Mwache apumzike."

Nilitaka kuomba radhi na kuondoka. Nikafumba macho kidogo kwanza, nikusanye nguvu.

Nilipoyafumbua, jua lilikuwa limehama toka kwenye boneti hadi mapajani mwangu. Tatu alikuwa anamenya chungwa kwa meno na mkono wake mmoja. Kwenye kioo nilimwona yule mlinzi amesimama nyuma ya pikapu, mkono juu, anayaelekeza magari mengine yapite pembeni.