Alama ya Teke

Tata yangu, dada mdogo wa mama, ndiye anayetunza kompyuta ya ushirika wa maziwa pale Giakanja. Likizo ya Aprili nilipelekwa kwake ati nikamsaidie. Ukweli ni kwamba mama alichoka kuniona nikimaliza mkate.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna jedwali la ng'ombe wote wa wanachama. Lilikuwa na safu tatu: namba ya ng'ombe, namba ya mama yake, na mwisho kabisa namba ya fahali aliyemzaa. Mkulima akiitisha mbegu, programu inamchapishia daktari wa ng'ombe karatasi: baba wa huyu ni fahali fulani, mpe mbegu ya mwingine. Hakuna anayetaka mtamba azalishwe na baba yake.

Kilichoninasa ni programu yenyewe. Iliandikwa na mwalimu mmoja ambaye sasa amestaafu na anafuga nyuki. Ilikuwa na lugha mbili za kompyuta kwenye ukurasa mmoja. Unasoma C, unasoma C, halafu ghafla mstari unaanza na EXEC SQL na programu inaongea na jedwali. Kama sisi tu, unaanza sentensi kwa Kiswahili unaimalizia kwa Kikuyu.

"Tata, na nani hutafsiri?"

"Kuna kitu hupita kwanza kabla programu haijatengenezwa. Kinageuza hiyo mistari yote iwe C."

Nilikaa nikiwaza hayo hadi chai ikapoa. Na jedwali likibadilika, programu itajua? Nikaamua kujaribu. Niliongeza safu ya nne, nikaiita teke. Moja ni ng'ombe mpole, tano ni yule anayekurusha pamoja na ndoo. Siku tatu nzima niliwauliza wakulima waliokuja na mitungi, na walijibu kwa furaha kuliko wanavyojibu maswali ya maana. Mtamba wa cucu, nyanya yangu, nilimpa nne mwenyewe, kwa sababu namjua.

Safu yangu niliiweka katikati, kati ya mama na baba. Ilipendeza pale. Kisha nikatengeneza programu upya, ikatoa onyo moja. Nikalisoma vile ninavyosoma sheria za shule.

Alhamisi asubuhi mtamba wa cucu alikuwa akilia na kumpanda mwenzake, dalili kwamba anataka dume. Cucu alikuwa amemngojea mwaka mzima. Ng'ombe wake mwingine amezeeka, na huyu ndiye angekuwa maziwa ya nyumba. Daktari akaja na pikipiki, mtungi wa mbegu nyuma. Mimi nilishika mkia, kazi ya heshima.

Daktari akasoma karatasi. "Baba yake ni fahali namba nne. Basi leo tunampa saba."

Nne? Nilitazama ile miguu ya nyuma, nikaitazama nne.

"Daktari, ngoja! Hiyo nne si baba. Hiyo nne ni teke!"

"Ati ni nini?"

"Ni mimi nimeiandika."

Cucu alinitazama kama anayetafuta fimbo. "Wewe mtoto, umefanyia ng'ombe yangu nini?"

Nilimpigia tata, nikamwomba afungue jedwali lenyewe, si programu. Nikasikia akibofya. Halafu: "Baba ni saba. Weee! Njoo hapa sasa hivi."

Yaani mwalimu wa nyuki aliandika nyota, maana yake nipe safu zote, kisha akaweka vikombe vitatu kwa mpangilio. Programu haikuangalia jina la safu hata moja, ilimimina tu. Teke langu likaingia kwenye kikombe cha tatu, cha baba, na baba mwenyewe akamwagika chini. Ushirika mzima, kila ng'ombe alikuwa na baba kati ya moja na tano.

Daktari alirudi ofisini kuchukua mbegu ya fahali namba kumi na moja, akinung'unika, mimi nikiwa nyuma ya pikipiki. Kwa bahati joto la ng'ombe halikimbii kwa saa moja. Tata hakunipigia kelele. Alinikalisha chini nikafuta kila nyota kwenye programu, nikaandika majina ya safu, moja moja. Nikaitengeneza upya, na safari hii haikutoa onyo lolote. Karatasi mpya ikasema baba ni saba.

Mchana tulirudi kwa cucu. Nilishika mkia tena, na daktari alipomaliza tu, mtamba akanirusha hadi kwenye majani ya Napier. Cucu alicheka mpaka akashika kiuno.

Nikiwa bado chini, nilimpigia tata.

"Huyo wa cucu, badilisha teke iwe tano. Halafu uchapishe karatasi."

Nikasikia mashine ikikwaruza.

"Baba bado ni saba," akasema.