Nilimwaga oil nzuri ya pickup yangu ya dizeli kwa sababu imekuwa nyeusi, nusura nimkoseshe shemeji bibi

Wakuu, niaje. Vuteni viti.

Haya si ya kusimuliwa, yamenipata mimi mwenyewe. Asiyeamini aje Kibomet nimuonyeshe doa la oil mbele ya gate yangu.

Niko na pickup ya dizeli, mzee kabisa. Inanibebea mahindi kutoka sehemu za Kwanza mpaka Kitale mjini. Ina moshi, ina kelele, na mlango wa abiria unafunguka kwa maombi. Lakini ndiyo inanilisha, kwa hivyo naiheshimu.

Sasa, wiki hiyo nilikuwa nipeleke dume la ng'ombe kwa wakwe zangu upande wa Chwele, kule Bungoma. Ni mahari, na nilikuwa nimeisukuma mbele miaka, si mnajua vile maisha iko.

Safari hii hakukuwa na kusukuma. Shemeji yangu Wafula, ndugu wa mke wangu Nekesa, alikuwa anaoa. Kwetu ng'ombe wa dada ndiye anamuolea ndugu. Dume langu lingelala kwao siku moja tu, kesho yake lipelekwe kwa akina bibi arusi. Na wazee wa huko walikuwa wameshasema wamechoka kungoja.

Kwa kifupi: nisipofika, Wafula hana mke.

Nikaona nifanye service kabla ya safari. Jamaa mmoja wa oil hapo Kitale akanipa 15W-40 ya dizeli. Nikaweka, nikaenda Kwanza mara moja, nikarudi. Nikachomoa dipstick, kile kijiti cha kupimia oil.

Nyeusi tititi.

Wafula alikuwa ameshafika kwangu kuchukua dume lake. Akaipaka vidoleni, akainusa, karibu airambe.

"Shemeji, hii umeuziwa takataka. Imetolewa kwa lori ya mtu ikachujwa na soksi, bana."

Jirani naye akaja akapaka. Hapa kwetu kila mtu mwenye vidole viwili ni mtaalamu wa oil.

Nikarudi kwa yule jamaa nikiwa nimewaka. Akaniambia kwa upole, "Boss, dizeli mzee ina masizi mengi. Oil nzuri inayaosha, lazima ichafuke."

Nikamjibu mbele ya wateja wake kwamba hata mwizi huwa ana maelezo. Wakuu, nilitoka hapo nikijiona wakili.

Nikaenda duka lingine nikachukua ile ya kisasa, 5W-30, nyepesi kama maji, mkebe una picha ya gari ndogo ya petroli inang'aa. Nikarudi nyumbani, nikamwaga ile ya kwanza yote hapo mbele ya gate, nikaweka hii. Rangi ya asali!

Tulishinda tukichomoa dipstick mimi na Wafula, tukiitazama tu. Haikuchafuka hata kidogo. Ingechafuka vipi na gari haijawashwa hata mara moja? Lakini nani alikuwa anafikiria.

Jumamosi asubuhi tukatoka. Nekesa mbele na mimi, Wafula nyuma na dume, amevaa suti mpya na kamba mkononi.

Mpaka Kiminini tuko sawa. Kupita Kamukuywa, injini ikiwa imepata joto, taa nyekundu ya oil ikaanza kukonyeza.

"Hiyo taa ni ya nini?" Nekesa akauliza.

Nikamwambia ni ya urembo.

Tulipoanza kupanda kuelekea Kimilili taa ikawaka ikakaa, na injini ikaanza kugonga. Nikasimama. Chini oil inadondoka kwenye seal zote za zamani. Nikachomoa dipstick: imelowa nchani tu. Na ni nyeusi.

"Hii pia ni fake?" Nekesa akauliza.

Wafula alikaa kwenye nyasi na suti yake, akamwangalia dume, dume likamwangalia. Hapo ndipo niliogopa kweli. Injini ningetafuta nyingine. Huyu kijana ningemwambia nini?

Nekesa akapiga simu nyumbani kwao. Na nani akaja na bodaboda, amepakata mkebe wa oil? Mama mkwe. Ana posho mill, mashine ya kusaga unga ya dizeli, na oil yake huwa anaiweka chini ya kitanda.

Kwa wasiojua: kwetu mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawaketi pamoja, hata kuangaliana ni aibu. Akashuka ng'ambo ya barabara, akafungua mwavuli, akanipa mgongo. Mimi nikageukia shamba la mahindi kando ya barabara.

"Nekesa, ambia mwenye gari amwage hiyo yote, aweke hii."

"Nekesa, ambia mama asante."

"Ambia yeye hiyo nyepesi ni ya magari ya watoto. Injini ikizeeka inalegea, inataka oil ya kushika."

Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini ilibidi nimngoje Nekesa arudie. Alirudia kwa raha sana, na akaongeza yake.

Nikaangalia mkebe. 15W-40 ya dizeli. Ile ile niliyomtukania mtu.

Wafula mwenyewe ndiye aliingia chini ya gari akafungua nati. Tukamwaga, tukajaza, nikapiga stata. Taa ikazima, kugonga kukaisha.

Kutoka kwenye mwavuli: "Ambia yeye ikirudi kuwa nyeusi asilie."

Tulifika Chwele wazee wakiwa bado wamekaa. Dume likapokelewa, kesho yake likaenda, Wafula ana mke. Kwenye picha zote ameegemea ukuta, maana mgongo wa suti ni oil tupu.

Nilichojifunza: dizeli mzee ipe 15W-40, na soma mkebe. Herufi za daraja zikianza na C, kama CF-4 au CI-4, hiyo ni ya dizeli. Ukiona S peke yake, ni ya petroli. Usikimbilie nyepesi ya kisasa, na ile nzito kabisa ya trekta nayo inasumbua asubuhi za baridi ya Kitale. Kuwa nyeusi si ugonjwa, inafanya kazi. Badilisha muda ukifika, basi.

Yule jamaa nilimrudia nikamwomba msamaha mbele ya wateja. Alicheka, lakini hakunipunguzia hata shilingi.

Haya, wenye dizeli mzee semeni mnatumia gani, na wa kunicheka chekeni sasa.

Wafula naye amejinunulia kadizeli kake. Juzi amenipigia simu anahema: "Shemeji, oil imekuwa nyeusi, nifanye nini?"

Nimemwambia aulize mama yake. Mimi siruhusiwi kuongea naye.