Dishi langu la Malakisi halishuki

Leo nimeambiwa nishushe dishi. Tena na nani.

Asubuhi trekta ilikata kebo upande wa Bungoma. Mnara wa simu hapa Malakisi ukazima.

Fundi wa mnara akaja kutoka Kitale. Ni yule yule aliyeniambia niondoe dishi la setilaiti juu ya duka langu, ati linasumbua mnara wao.

Leo amekuwa mpole. "Madam, tuunganishe mnara kwa dishi lako kidogo."

Nikakubali. Akavuta waya, mtandao ukarudi.

Simu yake ikalia hapo hapo. Mkubwa wake, Kitale. Sote tukasikia: "Huyo mama bado hajashusha dishi?"

Nikaichukua hiyo simu.

"Mzee, sauti yako inapitia kwa hilo dishi. Nilishushe sasa, ama umalize kwanza?"

Alikata mwenyewe.

Mwenye maoni aandike hapa chini. Mtandao upo.