Kioo cha Mbele

Nilipasua tangi la samaki kwa mkono wangu mwenyewe, na sitamsingizia mtu. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, pampu ya hewa ikazima, na jua la Lodwar likaingia hotelini mwangu bila kubisha hodi, likapiga kioo cha mbele moja kwa moja. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Nikakimbia dukani, nikanunua chupa mbili za maji yaliyoganda barafu, nikazitumbukiza ndani. Zikaegemea kioo. Nasikia kwingineko watu hununua mashine ya kuwapashia samaki maji moto. Hapa mimi nilikuwa nahangaika na baridi. Kioo kikalia mara moja tu, ta! Ufa ukashuka kutoka pembeni hadi chini.

Tuliwaokoa kwa sufuria ya ugali. Ngege tisa, wadogo kama kiganja, tukawamwaga kwenye beseni la kufulia.

Niseme kwa nini mwenye hoteli ya chai na maharagwe alikuwa na tangi la kioo. Nililinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama Lokichoggio, nalo likakaa uani miezi mingi likiwa na vitunguu ndani. Kisha mguu wa baba ukamshinda. Baba alikuwa mvuvi ziwani, upande wa Eliye, maisha yake yote, na nilipomleta kwangu mjini alikaa wiki tatu akitazama ukuta. Hakulalamika. Angelalamika ningejua la kufanya. Ndipo nikaagiza wale ngege kutoka ziwani, wakaja kwenye jerikeni, nikatoa vitunguu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi baba huvuta kiti, huweka pua kwenye kioo cha mbele kwa sababu macho yake huona karibu tu, na huanza kuzungumza nao. Kila mmoja ana jina. Mimi nilikuwa nikipangusa alama ya pua yake jioni, na kesho yake iko palepale.

Kwa hiyo tangi lilipopasuka nilijua vizuri kinachopotea. Bila hilo tangi, baba angerudi kwenye ukuta.

Wa kwanza kuja na ushauri alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye mifugo yake kule Nakalale. Kwa shemeji, mtu anayeishi kwa samaki ni mtu aliyekosa mbuzi, basi. Hajawahi kumwambia baba hivyo usoni. Humwambia kwa kuniambia mimi, kwa sauti kubwa, baba akiwa hatua mbili kutoka hapo.

"Hii kitu imekufa," akasema, akiligonga tangi kwa fimbo. "Geuza iwe kabati ya mandazi. Samaki ni kitu ya kukula, si ya kuangalia."

Wateja wakacheka. Nikachemka. Baba akajifanya hakusikia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi wa pale sokoni alinishauri ninunue jipya kutoka Nairobi. Nilipokataa akapaka ufa gundi yake ya bafuni, akasema ni kazi safi. Nikasubiri siku mbili, nikajaza maji, nikatia samaki watatu wa kujaribia. Kufikia saa tisa walikuwa wameelea, matumbo juu. Duka la plastiki nalo lilikuwa na tangi jipya, zuri, jepesi, rangi ya maziwa. Nikaweka uso wangu karibu nalo jinsi baba anavyoweka. Nikaona ukungu. Nikatoka hata bila kuaga.

Nikalifunga tangi langu kwenye godoro, nikapanda nalo nyuma ya pikapu ya mizigo mpaka Kakuma, nimelikumbatia njia nzima. Nilikuwa nimeambiwa kuhusu fundi mmoja Mkongo, mkimbizi, anayetengeneza madirisha kambini. Alilizunguka mara mbili, akakwangua ile gundi kwa kucha, akanusa, akatema mate kando.

"Mama, nani alikufanyia hivi? Hii iko na dawa ya kuua kuvu. Inaua na samaki."

"Nimeshawazika. Niambie tu, linapona au nibadilishe?"

"Hii vitre, hii kioo ya mbele, ilikufa, haiwezi kupona. Lakini zile zingine ziko muzima. Sasa utatupa nyumba yote juu ya mulango moja?"

Nilitaka kumkumbatia. Akatafuta kioo kizito kilichotoka kwenye kaunta ya duka lililofungwa, akakikata, akanionyesha gundi nyingine inayonuka kama siki. Akaniapisha nisiguse maji kabla ya wiki kwisha. Nikaliacha tangi kwake.

Wiki hiyo baba alikaa kando ya beseni. Tulilifunika kwa gunia lililolowa, naye akawa anachota maji kwa kikombe, anayainua juu, anayamwaga tena yapate hewa. Chota, mwaga. Asubuhi hadi jua lipungue, na mguu ule mbovu. Samaki sita walibaki. Wiki ilipokwisha nikalifuata tangi Kakuma, na wote sita nikawarudisha ndani kwa mkono wangu.

Shemeji akatokea siku ya tatu baada ya tangi kurudi, fimbo mabegani.

"Bado tu? Sasa hawa utakula lini?"

Nikaweka birika chini. "Shemeji, yule ng'ombe wako wa pembe moja, utamla lini?"

Kila mtu pale anajua kwamba mwanamume ana ng'ombe wake anayemwimbia, aliyemvika kengele, na swali kama hilo haliulizwi, achilia mbali kuulizwa na mwanamke aliyeshika birika. Mume wangu angekuwepo angenikanyaga mguu. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Pembe yake ilipovunjika, ulimtupa ukanunua mwingine? Ulimfunga kitambaa, ukalala naye zizini. Sisi tulikucheka?"

"Ile ni ng'ombe yangu," akasema polepole.

"Na hawa ni wa baba yangu."

Aliketi, akanywa chai yake hadi nusu. Sikumwomba radhi na sitamwomba. Kisha akainuka kwenda zake. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akamsalimu na kumsemesha baba mwenyewe.

"Ejok, mzee. Ile kubwa, jina yake ni nani?"

Baba hakuondoa pua kwenye kioo. Alisukuma tu kiti cha pili kwa ule mguu wake mzima.

"Kuja ukae hapa," akamwambia. "Huko mlangoni huwezi kumwona."